Yule Mwanamke wa Stesheni

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe moto. Funga dirisha la jikoni, kuna dalili ya mvua. ~~Nikirudi nisiikute hiyo treni yako ya kuchezea mezani.~~ Iache tu, tutakula sebuleni.

Nisikufiche, asubuhi nilitaka kuibomoa. Sponji yangu ya vyombo umeikatakata ukafanya miti, na boksi la viatu vyangu limekuwa stesheni. Hasira zikanipanda. Ndipo nikamwona yule mwanamke wa njiti za kiberiti, kasimama stesheni na begi, kajifunga kitambaa cha kijani kama changu. Nikajua ni mimi. Sasa sielewi, anaondoka au anarudi? Tangu niseme nitahamia kwa dada hujanijibu neno, kazi yako kugundisha reli. Ndilo jibu lenyewe? Nikabonyeza swichi, treni ikaja, ikampita bila kusimama. Nilicheka, halafu nikaizima.

Usinijibu kwa gundi. Jioni njoo unipokee kituo cha basi, uniambie kwa mdomo wako. Leo nimebeba mkoba wa kazini tu.

Mama watoto