Joto la Wodini Linapimwa Chumba cha Mikutano

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisaidie hivyo hivyo, maana yamenifika shingoni. Mimi ni mkunga, mwaka wa kumi na tisa huu kazini, na mwaka jana hospitali yetu iliunda Kamati ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi kwa sababu wodi ya wazazi ni bati tupu, haina dari, na joto la siku hizi si lile tulilolizoea, basi nikachaguliwa katibu kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Tukafanya warsha mbili, tukashona fulana, tukapata kiyoyozi kimoja kikafungwa chumba cha mikutano ili kamati ijadili joto kwa utulivu, tukapata na kipimajoto cha wodini, lakini bosi, ambaye ndiye mwenyekiti, akasema wodini kitaibiwa, kikatundikwa chumba cha mikutano na kufungwa kwa kufuli, ufunguo nikapewa mimi katibu.

Kila siku naingia mle, nasoma ishirini na mbili, naandika kwenye fomu: wodi ya wazazi, nyuzi ishirini na mbili. Mwanzoni nilimwambia, "Bosi, hili si joto la wodini," akanijibu, "Dada, kipimo rasmi ni kimoja, usituletee vipimo vya mitaani." Nikaendelea kuandika. Fomu zikaenda juu, ikarudi barua ya pongezi, na Alhamisi wageni wa hospitali sita wanakuja kujifunza tumewezaje kulishusha joto, na msemaji ni mimi.

Aibu yangu sasa. Wiki hii mdogo wangu wa tumbo moja amejifungulia wodini kwetu, siku ya pili mtoto akalegea, midomo mikavu, ziwa halishiki, nikakifungua kipimajoto, nikakificha ndani ya aproni, nikakipeleka kitandani kwake, kikasoma thelathini na nane, nikakirudisha mbio, nikajaza fomu: ishirini na mbili. Mtoto tulimwahi, ila bado wako wodini, na mdogo wangu akaniuliza, "Dada, joto hili ni la kawaida kweli?" nikasema ni la kawaida. Mume wangu anasema nisijiharibie, nifikirie pensheni. Nifanyeje?

Mkunga Mwenye Mwandiko


Mkunga,

Pole kwa msukosuko wa mtoto. Pole imeishia hapo, sasa nikuseme.

Ulipoona thelathini na nane kwa macho yako, ukaandika ishirini na mbili kwa mkono wako, bosi hakuwepo chumbani. Usinitajie bosi kila mstari. Yeye ana makosa yake, tena makubwa, mtu mzima anayefunga kipimajoto kwa kufuli utadhani ni dhahabu! Lakini kalamu ilikuwa yako. Na wale wageni wakiondoka na uongo wako, hospitali sita zitatundika vipimajoto kwenye vyumba vya mikutano, na wazazi wao wataendelea kuungua.

Fanya hivi. Leo, wahamishie kwenye kiyoyozi wazazi wote wenye vichanga. Wakijaa, kamati ihamie wodini, ikutane saa nane mchana chini ya bati, na fulana zao wavae. Nakuhakikishia ajenda ya dari itapita kabla chupa ya maji haijaisha. Wakati dari inasubiriwa, bati lipakwe chokaa nyeupe, madirisha yafunguke yote, akina mama wapewe maji ya kunywa na wahimizwe kunyonyesha mara kwa mara. Hayo hayahitaji warsha. Kipimajoto kitundike wodini, soma asubuhi na mchana, andika unachokiona.

Kisha mwandikie bosi kwamba fomu za nyuma si sahihi, ubaki na nakala. Alhamisi simama uwaambie wageni vilevile, bila kuzunguka. Sikuahidi makofi. Huenda ukasemwa, huenda ukahamishwa. Mumeo mwambie nimemsikia, na anahofia jambo la kweli, ila yeye hajalala wodini.

Lakini kabla ya barua na kabla ya bosi, kuna kazi moja, na ndiyo itakayokutoa jasho. Nenda ukakae kitandani kwa mdogo wako, umshike mkono, umwambie: joto lile si la kawaida, na mimi nilijua.