Baba, Daktari wa Runinga Alitudanganya

Baba yangu nikupendaye,

Nakuandikia kwa Kiswahili na najua utaguna, lakini Kiembu cha kuandika kinanishinda, na simu nayo haitusaidii. Kila nikikupigia huko Mbeere unanipa habari za mbuzi. Huyu amezaa, yule anachechemea. Nikitaja nyumbani tu, mtandao unapotea. Huo mtandao wako una akili sana, baba. Basi nimeamua kuiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, maana hatukuwa wa kwanza kudanganywa na runinga na hatutakuwa wa mwisho.

Unakumbuka ule mchezo wa runinga wa saa moja na nusu jioni? Ulikuwa ukimaliza kukamua, unavua gambuti mlangoni, unakaa kwenye kiti chako, na kuanzia hapo hakuna ruhusa ya kuongea. Ulimpenda sana yule daktari wa mawazo, mwenye suti na miwani. Mgonjwa analala kwenye kochi refu la ngozi, daktari anauliza swali moja, siri ya miaka ishirini inatoka, machozi mawili yanateremka polepole bila kuharibu poda. Wiki inayofuata mtu amepona. Uliuliza mbona daktari mzuri hivyo hana foleni, mbona nje hakuna hata mtu mmoja anayekohoa. Na siku alipompeleka mgonjwa wake kula chakula cha jioni na kumshika mkono, ulitaka kujua kama huyo ni daktari ama ni mchumba. Ndugu yangu Njeru alicheka mpaka akapaliwa na chai, nawe ukampiga mgongoni huku ukicheka pia.

Kisha Njeru akatutoka. Wewe ndiye uliyemwambia apeleke kahawa kiwandani kabla mvua haijazidi, na pikipiki ikateleza pale mteremkoni. Ninalisema hapa kwa sababu hujawahi kulisema, na ndilo linalokula moyo wako. Mwaka mzima nilikutazama ukipungua. Kahawa iliiva ikaanguka yenyewe. Ulikuwa unakaa kwenye kiti chako ikifika saa moja na nusu, runinga imezimwa, na unaiangalia vilevile.

Hapo ndipo nilipokushawishi twende kwa mshauri nasaha. Na baba, sikuwa na la kukuambia isipokuwa lile nililoliona kwenye mchezo. Nilikuahidi kochi. Nilikuahidi kwamba utaongea siku moja, utalia kidogo, kisha utarudi kuwa wewe. Mimi na shule yangu yote nilikuwa najua kazi ya hao watu kama vile ng'ombe anavyojua ibada.

Ulikubali, na hilo sijalisahau. Ulivaa koti lako la kanisani na kofia, ukabeba kiondo kimefunikwa kitambaa cheupe. Nilikuuliza ndani kuna nini ukanijibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Tulikaa kwenye benchi pale kituo cha afya saa mbili nzima, katikati ya akina mama waliokuja na watoto wa chanjo. Foleni uliyokuwa ukiiulizia ndiyo ile. Tulipoingia hakukuwa na kochi. Kulikuwa na viti vitatu vya plastiki, meza yenye mguu uliotegemezwa kwa karatasi, na msichana wa rika langu aliyesimama kukusalimia vizuri.

Ukaondoa kitambaa. Chana mbili za ndizi mbivu, za manjano safi, hazina hata doa. Akakushukuru, kisha akasema kwa upole kwamba wao hawaruhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa watu wanaowahudumia, tafadhali uzirudishe kwenye kiondo. Nilikuona ukikifunika tena, pembe baada ya pembe, kama unatandika kitanda cha mgeni. Baada ya hapo ulijibu ndiyo na hapana, kofia juu ya goti, mpaka muda ukaisha.

Tulitembea mpaka tukafika kwenye lango letu. Hapo ukasimama ukaniambia, "Mama, mtu ambaye hawezi kula ndizi zangu, atayameza vipi maneno yangu?" Halafu ukaenda moja kwa moja ukazimwaga zote mbele ya ng'ombe. Nilikasirika, nikakuambia huko ni kuharibu chakula. Wiki mbili baadaye ukahamia kwenye shamba la babu huko Mbeere, eti kuangalia mbuzi. Sasa ni miezi minane. Mama hufua lile koti la kanisani kila Jumamosi ingawa hakuna aliyelivaa.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakuficha. Nilirudi kwa yule mshauri. Nilienda kumgombeza, nikajikuta nimekaa kwenye kiti chako. Na nimekuwa nikienda kila wiki mbili tangu hapo.

Baba, hakuna kinachofanana. Yule wa runinga huongea kuliko mgonjwa. Huyu hunyamaza mpaka siku ya kwanza nikadhani amesinzia. Yule hutoboa siri za watu mezani. Huyu tukikutana sokoni Runyenjes hunisalimia kama muuza nyanya yeyote, kwa sababu nisipotaka watu wajue, hawatajua kutoka kwake. Hajawahi kuniambia nifanye nini. Aliniuliza nakula nini asubuhi, nalala saa ngapi, na Njeru alikuwa mtu wa kuchekesha vipi. Katikati ya habari nesi alifungua mlango akitafuta faili. Siku nne nilitoka pale bila tone la chozi, nikajiona mjinga. Siku ya tano nikaanza kueleza jinsi gambuti la Njeru lilivyobaki nyuma ya mlango likiwa na tope la siku ile, na hapo nikalia. Kamasi zilinitoka, baba. Kwenye runinga hakuna mtu anayetoka kamasi. Na wiki iliyofuata sikuwa nimepona, ila nililiosha lile gambuti.

Mwezi uliopita nilienda nyuma ya jikoni kukata majani ya mgomba. Nikaona kisiki kikavu cha lile shina ambalo Njeru alilipanda miezi michache kabla hajafa, limekatwa safi kwa panga. Nikamuuliza mama ni nani aliyekata mkungu wa kwanza wa Njeru bila kutuambia. Mama alinitazama kama mtu anayestaajabia upofu wangu. Akasema ni wewe. Uliukata mwenyewe, ukauvundika kwenye gunia chini ya kitanda, ukawa unaugusa kila asubuhi kujua kama umeiva. Ukachagua chana mbili bora. Ndizo ulizobeba siku ile.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Mwaka mzima nilikuwa nakungoja uongee, na siku ulipoongea nilikuwa nimekaa kando yako na sikusikia. Nilikuwa nangoja machozi mawili ya runinga. Nisamehe, baba.

Nilimweleza mshauri. Akaniambia, "Baba alikuwa ameshaanza, na mimi nikamrudisha nyuma. Kanuni niliifuata sawa, lakini sikumuuliza ndizi zimetoka wapi." Ameniomba nikuambie kwamba alikukosea. Ukirudi, zilikotoka ndizi ndilo litakuwa swali lake la kwanza. Na ndizi, anasema, mtazila pamoja na kila mtu atakayekuwa kwenye benchi siku hiyo, watoto wa chanjo wakiwemo, maana hilo kanuni hailikatazi.

Mchezo wetu bado upo, baba. Mimi na mama tunautazama na kubishana nao. Juzi daktari alimponya mtu kabla ya matangazo, mama akasema huyo hajawahi kupata mgonjwa kutoka Embu. Lakini nimeacha kuuchukia. Bila uongo wake usingevaa lile koti hata mara moja, na mimi nisingejua mlango ulipo. Mchezo ulitupotosha kuhusu kochi. Kuhusu mtu kuweza kusaidiwa, haukutupotosha, na mimi ni shahidi. Siku hizi nalitaja jina la Njeru nikicheka.

Na kuhusu ile kahawa na ile mvua: mimi pia ningemtuma, baba. Mzazi yeyote wa huku angemtuma. Sikuambii ili uliamini leo. Nataka tu ujue kuna watu wawili nyumbani, na mmoja pale kwenye kiti cha plastiki, ambao unaweza kuwaambia.

Shina la Njeru lilitoa chipukizi, na chipukizi limezaa. Mkungu umejaa mpaka mgomba umeinama, nimeutegemeza kwa mti wenye panda. Mama anauliza tuukate lini. Nimemwambia panga la kuukatia liko kwako Mbeere.

Wako daima,
Binti yako uliyempa jina la mama yako