Maharage Yasiyo na Chumvi

Baba Faraja,

Ugali nimeufunika kwenye sinia. Dawa ya presha iko karibu na kikombe chako. Imeze hata kama kichwa hakiumi. Chumvi nimeondoka nayo yote, pamoja na yale magadi unayodhani siyaoni.

Angalia miguu, vipande vya kioo vimebaki chini ya kabati. Ile sufuria uliyonirushia asubuhi ilinikosa kidogo tu, ikapasua kioo cha kabati. Maharage ya moto yakamrukia Faraja mkononi, ana malengelenge. Ukanikaba shingo mpaka nikaona giza, kisa chumvi! Halafu ukakaa chini unahema, ukasema, "Si mimi, mke wangu, ni presha."

Kwenye masomo ya jioni pale kliniki nesi alitueleza: mtu akipunguzwa kazini, mawazo yanamwingia, pombe inafuata, usingizi unakimbia, presha inapanda. Nikaona anakusema wewe kabisa. Nikakuhurumia, na bado nakuhurumia. Lakini hakusema presha inakaba watu. Ile mikono ni yako.

~~Jumapili njoo utuchukue.~~ Hapana, usije Jumapili. Tuko Mkuyuni kwa mjomba wangu Fransisko, na unajua kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Anza kliniki, acha gongo. Kisha njoo ukiwa hujanywa, umwamkie, umweleze kwa kinywa chako mwenyewe ulichotufanyia. Naomba uje kweli.

Ukishamaliza kusema, ndipo nitajibu kama narudi.

Kuku hawajala.

Mama Faraja