Dohani Uliyoapa Umeisafisha

Rodney, usiwashe moto!

Asubuhi jirani yetu Beryl alikuwa uzioni akifoka, "Moshi wenu unaingia chumbani kwangu!" Nikamjibu kwa kujitapa, "Wetu? Mume wangu alisafisha dohani mwezi wa nne!" Akacheka. "Kwa brashi ipi, mwenzangu? Brashi yenu iko bandani kwangu tangu mwaka jana."

Nimemulika tochi ndani ya dohani. Masizi yameganda unene wa kidole gumba, yanaweza kushika moto, na wajukuu wanalala chumba cha juu yake. Nawe uliniapia!

~~Nalala kwa dada.~~ Narudi jioni. Fundi anakuja kesho; utamshikia ngazi. Wajukuu wavae sweta mbili mbili.

Mchuzi wa kangaruu uko jikoni. Nimemwalika Beryl. Mkaribishe ndani, mpakulie, kisha ukweli umwambie wewe. Mimi nimeshakutetea vya kutosha.

Mkeo