Kunduchi kwa Baiskeli na Kaka Hassani

Baba yangu, shikamoo. Mie mzima, na kipupwe cha Dar kinapuliza vizuri.

Jumapili mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani, ili kubana mafuta, basi kaka Hassani akanipakia kwenye baiskeli hadi Kunduchi, kwenye makaburi ya kale. Bado anachonga vinyago, vilevile vilivyokufanya umfukuze nyumbani. Alipapasa maua yaliyochongwa kwenye kaburi moja, akasema, "Hawa nao walikuwa Waislamu, Hadija, na walipenda kuchongewa."

Kisha akauliza, "Nikienda Newala, Baba atanipokea?"

Nimemjibu kwamba utampokea. Mwezi ujao tunakuja wote wawili. Nakuomba, Baba, usiniangushe.

Nakupenda sana,
mwanao Hadija