Siku wavulana waliporudi, mwanangu akabaki nje ya geti

Jumatatu, sikukuu ya Petro na Paulo. Baridi ya Sumbawanga ile ya kupasua midomo, na upepo tangu alfajiri.

Nimechoka mpaka kwenye kucha. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja kwa sababu kingine nimekiunguza na mfuniko wa sufuria. Nimekaa kwenye kitanda cha chuma ambacho si changu, kwenye chumba kinachonukia chokaa mpya, na wavulana wako kanisani kwa sala ya jioni. Nawasikia wakiimba. Miezi mitatu sikuwasikia.

Kwa asiyenijua, mimi ni mpishi kwenye seminari ndogo, shule ya wavulana ya Kanisa iliyo nje kidogo ya mji. Nina miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo huwa sizitaji, mume anayeuza samaki kule ziwani Kabwe, na binti wa mwaka mmoja na miezi miwili. Anaitwa Gaudensia.

Gaudensia bado ananyonya. Hapo ndipo penye shida yote ya leo.

Kabla shule hazijafungwa kwa sababu ya corona, nilikuwa nakuja naye kazini mgongoni. Akilala namlaza stoo juu ya magunia ya maharage, akiamka anagonga mabakuli, na hakuna aliyeona ajabu. Wiki iliyopita ikaja barua. Wapishi wote walale ndani ya uzio kwa wiki tatu za kwanza. Wasitoke, wasipokee wageni, wasije na watoto.

Sigombani na barua ile. Wavulana mia tatu wametoka huko na huko, na chakula chao kinapita mikononi mwetu. Hata mimi ningekuwa na mwanangu pale ningetaka mpishi atulie mahali pamoja. Lakini nilivyoisoma mara ya pili, titi likaanza kuvuja lenyewe, kama vile nalo limesoma.

Mama mkwe akapanda kutoka Kaoze, bondeni, juzi Jumamosi kuja kumchukua mtoto. Alivyofika hata maji hajanywa, akasema, "Mwaka na miezi miwili, huyu si mtoto, huyu ni mtu mzima. Paka shubiri. Siku mbili tu atakuwa amesahau."

"Mama, kule bondeni kuna joto na mbu, huyu amezoea baridi."

"Mumeo alikulia wapi? Ulaya?"

Nilikubali. Niandike hivyo hivyo bila kupamba: nilikubali. Nilifunga nguo zake kwenye mfuko, nikaweka na kile kikombe chake chenye masikio mawili. Gari la Kaoze linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi, maana miezi mitatu ya kukaa nyumbani imenionyesha kwamba samaki wa Kabwe peke yao hawatuvushi.

Shubiri niliinunua. Sikuipaka.

Leo alfajiri nimemwacha amelala mgongoni kwa bibi yake, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Majengo, nikaondoka na begi langu bila kugeuka. Getini mlinzi akaninyooshea kipimajoto kwenye paji la uso, akasoma, akasema, "Mzima. Nawa, pita." Nikanawa kwenye ndoo yenye koki. Maji yalikuwa ya baridi mpaka mifupa ikauma.

Misa ilikuwa uwanjani, wavulana wamesimama mbalimbali kama mahindi yaliyopaliliwa. Ilipofika pa kutakiana amani hawakushikana mikono, waliinamiana vichwa. Wale wadogo walicheka chini ya barakoa. Kidato cha sita, waliorudi mwanzoni mwa mwezi, walishazoea, waliinama kama wazee. Nilijikuta naangalia mabega yao. Wengine wameondoka watoto na wamerudi na mabega.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mama Yustina, mpishi wetu mkuu, hajarudi. Magoti yamemshinda, na wanawe wamemwambia inatosha. Kwa hiyo asubuhi nilipewa mimi ufunguo wa stoo, kwa sababu nasoma karatasi vizuri. Mzee Kastori, ambaye amekoroga ugali pale tangu sijazaliwa, alikataa ufunguo. Alisema yeye na karatasi walishaachana zamani.

Jikoni kwetu hatuhesabu vichwa. Tunahesabu meza. Meza moja ni wavulana kumi, meza sita ni debe moja la unga. Ndivyo nilivyofundishwa na Mama Yustina, naye alifundishwa hivyo hivyo. Ukijua meza umejua unga, maji, maharage na chumvi. Siku zote meza zilikuwa thelathini. Debe tano, umemaliza.

Leo karatasi kwenye mlango wa stoo ilisema: meza sitini.

Niliisoma, nikapima. Akili yangu haikuwa pale. Ilikuwa Majengo, inahesabu kwamba sasa hivi ameamka, sasa hivi ananitafuta chini ya kitanda, maana huwa nikijificha najificha pale.

Mzee Kastori alisimama na mwiko wake begani. "Mama Gau, hilo debe la ngapi?"

"La saba."

"Leo tunalisha jeshi la wapi?"

"Karatasi imesema meza sitini, Mzee Kastori. Labda wameongeza wavulana."

"Karatasi haijawahi kula ugali."

Nilimjibu vibaya, mbele ya vijana wanaopasua kuni. Nilimwambia mwenye ufunguo ni nani. Mzee wa watu akaongeza kuni, akakoroga. Alikoroga masufuria mawili makubwa mpaka jasho likamdondoka kwenye barakoa, na hakusema neno tena. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko angenijibu.

Kengele ikalia. Wavulana wakaingia bwaloni. Nikachungulia dirishani pa kugawia.

Meza ya kwanza, wavulana watano. Ya pili, watano. Ya tatu, watano.

Meza zilikuwa sitini kweli. Walikuwa wameongeza madawati, wakayapanga mpaka barazani, ili wavulana wasikae wamebanana. Wavulana walikuwa wale wale mia tatu.

Sufuria moja zima la ugali likabaki halijaguswa.

Mwaka huu wa mashaka, watu wamehesabu punje majumbani, na mimi siku yangu ya kwanza na ufunguo nimesonga ugali wa shule mbili. Nilisimama pale nikaona gauni limelowa maziwa kifuani, na aproni juu yake. Machozi yakaanza.

Mzee Kastori akafunika sufuria. "Usiulilie ugali. Tutauvunja kwenye maji, tutie kimea cha ulezi, keshokutwa wanakunywa togwa. Watafikiri ni sikukuu."

"Siulilii ugali, baba."

Akaangalia aproni yangu, akaangalia pembeni. "Ah," akasema. Ni hilo tu.

Sasa Gombera akaingia. Gombera ndiye padre mkuu wa seminari, na si mtu wa kuja jikoni ovyo. Nadhani walishamwambia. Akalifunua lile sufuria, akalifunika.

"Nani amepima?"

Karatasi ilikuwa pale pale mlangoni. Ningeweza kuinyooshea kidole. "Mimi, Baba," nikasema. "Nilihesabu meza. Mzee Kastori aliniuliza, sikumsikiliza."

Akaisoma ile karatasi yeye mwenyewe. "Meza tulizigawa sisi," akasema, "na hatukuwaambia jikoni. Lakini nawe hukuuliza."

"Sikuuliza, Baba. Na kuna jingine sikuuliza."

Sijui nililitoa wapi. Naapa nilikuwa sijalipanga. Labda kwa kuwa nilikuwa nimeshakiri kosa moja, la pili lilikuwa jepesi. Nikamwambia nina mtoto ananyonya. Barua imesema nilale humu, nitalala. Imesema nisitoke, sitatoka. Ila mtoto aletwe getini mara mbili kwa siku, saa nne na saa kumi na moja, nimnyonyeshe kwenye kibanda cha mlinzi, ninawe, nirudi jikoni.

"Binti yangu, utaratibu ni wa wapishi wote."

"Najua, Baba. Lakini Mzee Kastori hanyonyeshi."

"Kweli, Baba," Mzee Kastori akasema kutoka kwenye moshi, "mimi nilishaachisha."

Gombera alicheka. Nilijua kwa macho tu, barakoa haikusogea. Lakini kicheko si ruhusa, nami nilikuwa nimeshaanza, nikaona nimalize. Nikamwambia gari la kumpeleka mtoto linaondoka kesho asubuhi. Nikamwambia kama haiwezekani, nitapika chakula cha jioni, nitaosha masufuria, nitaacha ufunguo mezani, nitarudi Majengo kwa mwanangu. Sikuwa namtisha. Nilikuwa namwambia ratiba yangu.

 

Akauliza nani atamleta mtoto. Nikasema bibi yake. Akasema basi awe huyo huyo mmoja, avae barakoa, apimwe joto kila anapokuja, asipitie sokoni wala kwenye mikusanyiko. "Mpaka Jumapili," akasema. "Jumapili tutakaa tuone kama inafaa." Alipofika mlangoni akageuka. "Na kesho pika kwa vichwa."

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa nimemsahau mwenye mgongo wa kumbeba mtoto.

Nikampigia mama mkwe. Nikaeleza. Halafu: "Mimi nilikuja kuchukua mtoto. Sikuja kuwa tarishi wa maziwa."

"Mpaka Jumapili tu, Mama."

"Mpunga wangu uko uwanjani. Kuku watafukuzwa na nani? Na wewe?"

"Wifi yupo, Mama."

"Wifi yako anafukuza kuku kwa macho, amekaa."

Nikacheka, sikutaka kucheka. Nyuma yake nikamsikia Gaudensia analia, kile kilio chake cha kukwaruza, si cha njaa, cha hasira. Nikamwambia, "Mama, mimi sikatai ushauri wako. Mwaka ujao ukisema tumpe hata shubiri debe zima, nitakushikia kikombe. Lakini simwachishi kwa sababu ya geti. Nitamwachisha siku mimi na yeye tukimalizana."

Sijawahi kuongea naye hivyo. Tangu niolewe.

Alisema maneno kwa Kifipa ambayo hapa siyaandiki. Kisha akapumua. "Huyu mtoto hajala tangu asubuhi. Uji ameumwaga wote kwenye kitenge changu." Akambembeleza kidogo. "Hilo geti, saa kumi na moja kamili au saa kumi na moja ya kwenu?"

"Kamili, Mama."

Walifika kumi na moja kasoro. Niliwaona kwa mbali, mama mkwe anakata upepo kwa bega moja, barakoa ameivaa juu ya kilemba kwanza mpaka mlinzi alipomwonyesha. Alipopimwa joto akauliza kama hicho kitu kinajua na umri. Mlinzi akasema hapana. "Afadhali," akasema.

Gaudensia hakunitambua. Niliinyoosha mikono, akaitazama barakoa yangu, akageuza uso, akamshika bibi yake shingoni. Masaa kumi na moja tu tangu tuachane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi, nikaimba kile kiwimbo chetu cha kuogea, kibaya, sauti yenyewe imekauka kwa moshi. Akageuka polepole. Akanusa. Halafu akaja wote, kichwa, magoti, makucha, akaniuma na meno yake sita, na akanyonya kama mtu anayedai maelezo.

Kibanda hakina mlango. Upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja. Mama mkwe alisimama pa kuingilia akatandaza kanga kwa mikono yote miwili, akaipa barabara mgongo. Alisimama hivyo muda wote. Wavulana wa mwisho kutoka Kabwe walikuwa wanapita na masanduku yao ya bati, wamechelewa, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo bibi," wakasema mmoja mmoja. "Marahaba. Tazameni mbele," akawajibu mmoja mmoja.

Mtoto alipolala, bibi yake akanirudisha jikoni kwa kidevu. "Nenda. Wanakusubiri." Na kweli walikuwa wananisubiri. Nilinawa, nikaingia, nikamwomba Mzee Kastori radhi mbele ya wale vijana wa kuni, kwa sababu nilimjibu mbele yao. Akasema alishasahau. Hajasahau, lakini alinikatia kipande cha muhogo.

Hivyo gari la Kaoze kesho litaondoka bila mwanangu.

Shajara yangu, sijajidanganya. Mama mkwe amekubali mpaka Jumapili, Gombera amekubali mpaka Jumapili, na wiki ni tatu. Mtoto anaweza kupata mafua, bibi anaweza kuwakumbuka kuku wake, mtu anaweza kusema mbona yeye. Mume wangu nimempigia, amesema, "Sawa, fanya unavyoona," maneno ambayo huwa yananikasirisha, leo nimeyachukua kama yalivyo. Nitafanya ninavyoona.

Kitanda hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Mkono wangu wa kushoto haujui ukae wapi.

Wiki ya pili na ya tatu sijui nitazipitaje. Jumapili nikiambiwa hapana, nitasema tena, na safari hii nitakuwa na siku sita za kuonyesha kwamba hakuna aliyeugua wala ugali uliochelewa. Hilo ndilo la kufanya: ugali usichelewe hata siku moja.

Maharage ya kesho nimeshayaloweka. Saa kumi alfajiri nawasha moto, na saa nne niko getini.