Viti Vitupu vya Nyundo

9 Oktoba

Mwanangu, baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo pamoja na magoti yote mawili. Mimi sijambo, ila mkono wa kulia unakufa ganzi nikikata vioo vinene. Msaidizi wangu wa dukani anasema niende hospitali. Nimemwambia aende yeye, anisalimie daktari.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Nikikasirika kwenye simu natukana, na tusi likishatoka halirudi. Kwenye barua nafuta.

Ligi ya kikapu imeanza. Nyundo wamecheza mechi mbili na kufungwa zote mbili. Usiniambie ni mapema. Ya kwanza tulifungwa kwa pointi nne, na mitupo huru tuliyokosa ilikuwa kumi na moja. Mitupo huru, baba! Mtu kasimama peke yake, hakuna wa kumzuia, hakuna wa kumpiga kikumbo, ukumbi mzima umenyamaza kwa heshima yake, halafu anagonga chuma. Ya pili tuliongoza hadi robo ya tatu, kisha akakosekana mtu wa kupandisha mpira. Kazi hiyo siku hizi kapewa kijana tunayemwita Mkarimu, maana kila akishika mpira anawapa wageni.

Nilimkuta Kocha mlangoni anafuta jasho. Akaniambia, "Mama Vioo, mwambie mwanao asisaini tena huko. Msimu ujao nafasi ya kuchezesha timu ni yake."

"Na Mwenyekiti anasemaje?"

"Amekubali. Sharti lake ni moja tu, timu isishuke daraja."

Basi sikiliza hesabu. Timu kumi na nne, mechi ishirini na sita, wawili wa mwisho wanashuka. Msimu uliopita aliyeponea chupuchupu alikuwa na ushindi mara tisa. Tupate tisa, wewe urudi. Sitaki ubingwa. Nataka tisa.

Chumba chako nimekibadilisha kioo cha dirisha. Kile cha zamani kilikuwa na ufa tangu ulipokipiga kwa mpira ukiwa darasa la sita, ukasema ni ndege.

Mama yako

2 Novemba

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Mimi mzima. Magoti yapo, moja linalalamika asubuhi na jingine jioni, wamegawana zamu. Pole na mkono. Nenda hospitali wewe mwenyewe, usitume mwakilishi.

Huku mambo ni yale yale. Asubuhi niko ghalani napanga maboksi, mchana mazoezini, Jumamosi nacheza dakika kumi nikibahatika. Nimezoea kila kitu isipokuwa kula peke yangu. Miaka saba, Mama. Juzi nilijikuta naisomea sahani matokeo ya Nyundo kwa sauti.

Klabu ya huku walitaka jibu kabla ya mwaka kwisha. Nimeshawapa. Nimewaambia narudi nyumbani. Meneja akauliza, "Una mkataba huko?" Nikamwambia nina neno la Kocha. Akacheka. Mwache acheke.

Mwambie Mkarimu asiinamie mpira akikabwa, ainue kichwa. Tisa zitapatikana.

Mwanao

14 Desemba

Baba,

Hujambo? Huku tu wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua.

Mechi kumi na mbili, ushindi mara mbili. Umesoma vizuri, mbili. Na hilo si baya kuliko yote. Mwenyekiti amemuuza Mnara. Katikati ya msimu! Yule ndiye mtu pekee aliyekuwa anaokota mipira inayodunda kwenye chuma. Tisa kwa kila mechi, nimeihesabu mwenyewe, na yote tisa imeondoka na basi la asubuhi. Siku tatu baadaye tangazo likabandikwa mlangoni kwamba kiingilio kimepanda kwa nusu. Yaani ametupangisha nyumba, akang'oa paa, kisha akaongeza kodi.

Mimi biashara naijua. Nilianza na kisu kimoja cha kukatia vioo, nikibeba vipande kichwani mtaa kwa mtaa, hakuna aliyenishika mkono. Najua mtu anayeshindwa kuendesha duka, na najua mtu asiyetaka kuliendesha. Huyu hataki.

Jana tulikutana kwa Kinyozi, mashabiki kama arobaini, wengine wamekaa hadi kwenye ngazi. Kelele tupu. Mmoja anataka tumfuate Mwenyekiti nyumbani kwake, mwingine anataka tumpige mayai. Nikasimama. Nikawaambia, "Yai moja ni hasara kwetu, si kwake. Ukumbi una viti elfu moja na mia mbili. Msimu uliopita tulikuwa tunaingia mia tisa kila mechi. Tusiingie hata mmoja. Baada ya mechi nne atamrudisha Mnara kwa mguu."

Kinyozi akasema, "Na wachezaji je, Mama Vioo? Si wetu wale?"

Nikamjibu kwamba tunawafanyia wao. Wakapiga makofi. Tumekubaliana. Kuanzia mechi ijayo ya nyumbani, tunasimama ng'ambo ya barabara, tunahesabu wanaoingia. Na mimi nitaiandika idadi kwa rangi nyekundu kwenye kioo kikubwa mbele ya duka, kila mpita njia aione, na Mwenyekiti akipita na gari lake aione zaidi.

Nafanya hivi ili ukirudi uikute timu, si kikosi cha kukodi.

Mama yako

20 Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimejibu siku ile ile barua ilipofika, kwa hiyo usiangalie mwandiko.

Nakuomba usifanye hivyo. Najua Mwenyekiti ni mtu wa namna gani, simtetei. Lakini umewahi kucheza mbele ya viti vitupu? Mimi nacheza hivyo kila Jumamosi. Unasikia raba zako mwenyewe. Unamsikia mfagiaji anakohoa kule juu. Ukifunga, hakuna kitu. Ukikosa, hakuna kitu. Baada ya muda mwili unajiuliza kwa nini uruke.

Wale vijana wana ushindi mara mbili na hawana Mnara. Wamebakiwa na nyinyi. Mkiwaacha watashuka, na wakishuka mimi sina pa kurudi. Nimeshawakatalia watu wa huku, Mama. Nimesimama mguu mmoja.

Mwanao

30 Januari

Baba, mwanangu,

Hujambo na baridi? Mimi mkono umenichosha lakini roho nyeupe. Kaa chini usome.

Mechi ya kwanza ya mgomo waliingia themanini na saba. Ya pili sitini na nne. Ya juzi hamsini na wawili, na kati yao thelathini walikuja na basi la wageni! Namba zote ziko kwenye kioo changu, kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu wanasimama kupiga picha. Siku moja gari la Mwenyekiti lilipunguza mwendo, kioo cha nyuma kikashuka kidogo, akatazama, kikapanda. Nikampungia mkono. Kinyozi alicheka hadi akamkata mteja sikio.

Sasa sikia ajabu. Wanashinda! Mechi tano, wameshinda tatu. Tuko ng'ambo ya barabara, tunasikia filimbi ya refa na mpira unavyodunda, halafu mfagiaji anatoka mlangoni na kutuonyesha matokeo kwa vidole. Mkarimu alifunga pointi kumi na tisa. Mkarimu! Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo, nikaanguka kwa furaha. Kocha ananiambia ni barua yako, alimsomea ile ya kuinua kichwa.

Ushindi mara tano kati ya mechi kumi na saba. Zimebaki tisa, tunahitaji nne. Ulikuwa na hofu bure.

Sikufichi, inauma kutoona. Miaka ishirini na mbili nimekaa kiti kile kile, safu ya tatu, nyuma ya benchi letu. Lakini Mwenyekiti ameanza kuyumba. Wanasema amekwenda makao makuu ya ligi mara mbili mwezi huu. Bila shaka anaomba huruma.

Anza kufunga mizigo.

Mama yako

21 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ghalani, nikapiga kelele hadi msimamizi akadhani nimeangukiwa na boksi. Mkarimu kumi na tisa! Basi mimi nilikosea, na safari hii nimefurahi kukosea.

Nimetoa notisi ya chumba. Vitu vyangu vinaingia kwenye masanduku mawili, miaka saba yote. Niambie tu zikifika tisa.

Mwanao

16 Aprili

Baba,

Salamu. Mimi nipo.

Zilifika tisa. Wiki iliyopita, mechi ya mwisho, kwa pointi moja. Mfagiaji alitoka anakimbia, tukakumbatiana barabarani, magari yakapiga honi. Hatukushuka daraja. Nilipaswa kukuandikia usiku ule ule. Nilisema nisubiri nikununulie shuka kwanza.

Jumatatu Mwenyekiti alitangaza kwamba Nyundo inahama. Jina, jezi, nafasi kwenye ligi, vyote. Mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, umejengwa ukumbi mpya, na makubaliano yalikuwa mezani tangu kabla ya msimu kuanza. Alikuwa anakosa kitu kimoja tu. Kanuni ya ligi inasema timu haihamishwi ovyo. Inahamishwa ikiwa nusu nzima ya msimu watazamaji wa nyumbani hawakufika theluthi moja ya viti. Theluthi yetu ni mia nne. Sisi wastani wetu katika mechi saba ulikuwa sitini na tatu.

Mimi najua asilimia ya mitupo huru ya kila mchezaji wa timu hii. Kanuni hiyo sikuijua.

Unajua alipeleka ushahidi gani kwenye kikao? Tiketi zinaweza kubishaniwa, kila mtu anajua wenye timu wanavyodanganya kwenye tiketi. Alipeleka picha za kioo changu. Zote saba, na tarehe zake, kwa mwandiko wangu. Wajumbe walimuuliza kama namba hizo ni za kweli. Akawaambia, "Zimehesabiwa na mashabiki wenyewe."

Kwa hiyo hakuwa anaomba huruma. Mnara na kiingilio vilikuwa ngazi, mimi nikamshikia, akapanda hadi juu.

Kocha hakuchukuliwa. Tumekata rufaa. Kinyozi hajaniambia neno baya hata moja, na hilo ndilo linaloniua. Neno la Kocha kwako limekufa, baba. Wewe umekwishatoa notisi. Niambie unalala wapi.

Mama yako

29 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Usihangaike, nalala kwa rafiki, sofa lake ni refu kuliko mimi.

Samahani nimekawia. Nilitaka niandike nikiwa na jambo la kueleza. Nimesaini na klabu nyingine, mbali zaidi na huku nilipo, ndege mbili. Miaka mitatu. Nitakuwa nacheza kidogo na kufundisha watoto. Wamenipa chumba chenye dirisha.

Mwenyekiti alinipigia, wanatafuta mtu wa kuchezesha timu kule walikohamia. Hatukuelewana. Mambo ya kazi tu, usiyape uzito. Na usijilaumu. Alikuwa amekusudia, angepata njia nyingine.

Nenda ukaonyeshe mkono hospitali.

Mwanao

23 Juni

Baba,

Natumaini umefika salama, na hilo dirisha linafunga vizuri. Kama linapitisha upepo, nipe urefu na upana, hata kama siwezi kukuletea, nijue tu.

Rufaa yetu ilitupwa. Dakika kumi, hawakukaa hata kunywa maji.

Jana Kocha alikuja dukani, kioo cha jikoni kwake kimepasuka. Nikampimia, nikakata, tukazungumza habari za Mkarimu, ambaye amekwenda na timu na ni haki yake. Halafu akasema, "Mwanao ni mtu, Mama Vioo. Mimi ningesaini ile karatasi." Nikamuuliza karatasi gani. Akanitazama, akaona sijui, akataka kuondoka bila kioo chake. Nikasimama mlangoni na kisu mkononi. Alisema yote uliyomweleza kwa simu.

Kwamba Mwenyekiti alikupa nafasi kweli, miaka minne, dakika zote unazotaka, kutwa moja ya basi kutoka kwenye mlango wangu. Kwamba karatasi ilikuwa tayari imeandikwa, ya kutolewa magazetini kabla rufaa haijasikilizwa: wewe, mtoto wa kiongozi wa mgomo, unathibitisha kwamba timu iliuawa na mashabiki wenyewe na mama yako akiwa mbele. Ilibaki saini. Na kwamba ulimwambia akaitie sahihi yeye, yeye ndiye muuaji.

Kocha alisema hivyo kwa fahari, kama anayesimulia kikapu cha sekunde ya mwisho.

Mimi sikupata usingizi, nikapiga hesabu. Rufaa ilikuwa imekufa, kwa saini yako au bila saini yako. Karatasi haikusema uongo. Mashabiki walikuwa mia tisa, wakawa hamsini, na aliyesimama kwa Kinyozi akawaambia wasiingie ni mimi. Watu hapa wanajua. Wangesoma gazeti asubuhi, jioni wangekuwa wamelifungia vitunguu. Na mimi ningepanda basi kila Ijumaa, nikalala kwako, nikaingia kwenye ukumbi wa yule mtu nikalipa kiingilio chake, nikakuona unapandisha mpira.

Ulinilinda dhidi ya nini, baba?

Ungesaini. Leo ningekuwa na jina baya na mtoto karibu. Sasa nina jina zuri.

Mama yako